Wanyama Wanne, Walimu Wanne: Tathmini ya Kozi ya Danieli na Ufunuo Iliyotolewa Mengo

Kozi ninayoitathmini hapa ilitolewa kwa Kiswahili, saa za jioni, katika ukumbi mmoja wa Mengo jijini Kampala. Waandaaji wake ni kikundi cha Wakristo wa makanisa mbalimbali, nao waliwaalika walimu wanne, kila mmoja kutoka mapokeo yake, wafundishe sura zilezile: Danieli 7 na 8, na Ufunuo 13 na 17. Ada ilikuwa shilingi 60,000 pamoja na kijitabu, na chati ya ukutani iliuzwa kando kwa shilingi 15,000. Wanafunzi wengi walikuwa Wakongo wanaoishi Katwe na Makindye, wafanyabiashara wa Kikuubo, wake wa wanajeshi na Watanzania wachache wa vyuoni, watu ambao Kiganda wanakielewa sokoni lakini mahubiri ya Kiganda yanawapita. Kwa watu kama hao mafunzo ya namna hii ni adimu Kampala, na nadhani ndiyo sababu kasoro nitakazozieleza zilivumiliwa bila manung'uniko mengi.

Hukumu yangu naiweka mbele ili msomaji asisumbuke kuitafuta. Vipindi vya darasani vina thamani kuliko ada iliyotozwa, bali kijitabu na chati vinaharibu sehemu ya kazi ambayo walimu waliifanya kwa uangalifu. Darasani kila mwalimu alilazimika, kwa utaratibu uliowekwa na msimamizi, kusema ni wapi Maandiko yanajifasiri yenyewe na ni wapi mfasiri anaanza kuleta ya kwake. Katika kijitabu mpaka huo umefutwa.

Utaratibu huo ulijitokeza tangu kipindi cha kwanza. Msimamizi, mwalimu mstaafu wa sekondari, alisoma Danieli 7 mpaka pale Danieli anapoelezwa kwamba wanyama wakubwa wanne ni wafalme wanne watakaotokea duniani, kisha akaruka hadi Danieli 8:20 na 21, ambapo kondoo mume mwenye pembe mbili anatajwa waziwazi kuwa ni wafalme wa Umedi na Uajemi, na beberu kuwa ni mfalme wa Uyunani. Akauliza: simba mwenye mabawa ya tai ametajwa jina? Dubu mwenye mbavu tatu kinywani je? Chui mwenye vichwa vinne? Karibu wote tulikuwa tumekuja na jibu la siku nyingi, yaani simba ni Babeli, dubu ni Umedi na Uajemi, chui ni Uyunani na mnyama wa nne ni Rumi. Jibu hilo ni la kale kweli, maana Hipolito, mwandishi Mkristo wa kale, alikwisha kuliandika mwanzoni mwa karne ya 3, lakini halimo katika maneno ya sura ya 7. Ni jibu la wasomaji wa sura hiyo, liwe sahihi au lisiwe, na darasa lililolielewa hilo mapema liliweza kuwasikiliza walimu wanne bila kumwona yeyote kuwa mzushi.

Padre aliyefuata aliwashtua wengi kwa kulikataa jibu hilo. Alifuata mtazamo ulioenea leo miongoni mwa wataalamu wa Biblia, wakiwamo Wakatoliki wengi, kwamba wanyama wanne ni Babeli, Umedi, Uajemi na Uyunani, na kwamba pembe ndogo inayozuka kati ya pembe kumi za mnyama wa nne ni Antioko Epifane, mfalme aliyetawala Shamu kuanzia mwaka 175 hadi 164 KK na kulinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Hakuficha kwamba mtu anayejulikana zaidi kwa kuitetea hoja hii zamani alikuwa Porfiri, mwanafalsafa wa karne ya 3 aliyeupinga Ukristo, wala kwamba Yeronimo alipoandika ufafanuzi wake wa Danieli alikuwa akimjibu Porfiri huyo mara kwa mara. Alipoulizwa imekuwaje Umedi na Uajemi wawe wanyama wawili katika sura ya 7 na kondoo mmoja katika sura ya 8, alielekeza kwenye Danieli 5:31, ambapo Dario Mmedi anaupokea ufalme kabla ya Koreshi Mwajemi kutajwa. Jibu hilo linasimama, ingawa kwa mguu mmoja, na padre hakujifanya kuwa linasimama kwa miwili.

Kuhusu Ufunuo alifundisha kwamba mnyama atokaye baharini, mwenye mfano wa chui, miguu ya dubu na kinywa cha simba, amewakusanya wanyama wa Danieli katika mwili mmoja, na kwamba wasomaji wa kwanza wa Yohane wangemtambua upesi kuwa ni dola ya Rumi ya wakati wao. Hapo ndipo ubao ulipotumika vizuri kuliko katika kipindi kingine chochote. Aliandika jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania, akaweka chini ya kila herufi thamani yake: 50, 200, 6 na 50 kwa jina la kwanza, kisha 100, 60 na 200 kwa cheo. Watu wakajumlisha kwa simu zao, wakapata 666, namba ya mnyama katika Ufunuo 13:18. Kisha akaifuta ile 50 ya mwisho wa jina la kwanza, kama ambavyo jina hilo hukosa herufi hiyo kwa Kilatini, ikabaki 616, namba inayopatikana kweli katika baadhi ya nakala za kale za Ufunuo, ikiwamo karatasi ya mafunjo iliyofukuliwa Oxyrhynchus nchini Misri. Kwamba jina moja linaeleza namba zote mbili ni hoja nzito, na ukumbi ulinyamaza kidogo. Ila padre aliongeza upande wa pili bila kuombwa: Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliijua 616 na kuihesabu kuwa kosa la wanakili, na alipotafuta majina yenye jumla ya 666 hakumtaja Nero hata kidogo, bali alipendekeza majina ya Kigiriki kama Lateinos na Teitan, kisha akaonya kwamba ni salama zaidi kungoja unabii utimie kuliko kubahatisha.

Katika kipindi hichohicho kijana mmoja aliuliza kwamba, ikiwa vichwa saba vya mnyama wa Ufunuo 17 ni milima saba, na Kampala nayo husifiwa kuwa imejengwa juu ya vilima saba, kuna ubaya gani kusema kwamba mnyama ni sisi? Watu walicheka. Mimi naona ni miongoni mwa maswali bora ya kozi nzima, kwa sababu liliwalazimisha walimu waliofuata waeleze ni nini, zaidi ya kulingana, kinachoufanya ulinganifu kuwa ushahidi. Padre alijibu kwamba Rumi ilijulikana kwa vilima vyake saba katika maandishi ya wakati wa Yohane mwenyewe, na kwamba mstari unaofuata, unaosema juu ya wafalme saba ambao watano wameanguka na mmoja yupo, unamfunga msomaji kwenye mfalme aliyekuwa akitawala wakati huo. Ni nani huyo mmoja aliyekuwapo, Nero, Vespasiano au Domitiano, hapo Maandiko hayasemi, na padre alikubali kwamba kila hesabu ya wafalme inaanza mahali palipochaguliwa na mhesabuji.

Mwalimu Msabato ndiye aliyejiandaa kuliko wote, na somo lake ndilo nitakalolikumbuka kwa muda mrefu, kwa wema na kwa uzito wake. Alianza kwa kukiri kwamba msingi wa hesabu zake ni kanuni ya siku moja ya unabii kuwa mwaka mmoja, inayotolewa katika Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Mtu akiikubali kanuni hiyo, wakati, nyakati mbili na nusu wakati za Danieli 7:25 zinakuwa miezi 42, yaani siku 1,260, yaani miaka 1,260, ambayo Wasabato huihesabu kuanzia mwaka 538 hadi 1798, mwaka ambao jeshi la Ufaransa likiongozwa na Jenerali Berthier liliingia Roma na Papa Pius VI akachukuliwa mateka. Kwa kanuni hiyohiyo jioni na asubuhi 2,300 za Danieli 8:14, ambazo baada yake patakatifu patatakaswa, zinahesabiwa kutoka mwaka 457 KK hadi 1844. Alieleza bila kona jinsi William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, na wafuasi wake walivyomngojea Kristo, na jinsi tarehe 22 Oktoba 1844 ilivyopita wasimwone, kisha baadhi yao wakafundisha kwamba tarehe haikukosewa bali tukio, kwa kuwa lilihusu hekalu la mbinguni. Alisisitiza pia, na historia inamuunga mkono, kwamba kuiona pembe ndogo kuwa upapa hakukubuniwa na Wasabato: Luther na Waprotestanti wengi baada yake walimwita papa mpinga Kristo, na Isaac Newton aliandika ufafanuzi wa Danieli na Ufunuo wa mwelekeo huo, uliochapishwa mwaka 1733 baada ya kifo chake.

Maswali mawili yalimbana. La kwanza lilihusu mwaka 538. Inasemekana ndio mwaka ambao Waostrogothi, taifa lililotawala Italia na linalohesabiwa kuwa la tatu kati ya pembe tatu zilizong'olewa mbele ya pembe ndogo, waliondolewa njiani; lakini mfalme wao Totila aliiteka Roma tena mwaka 546, na vita vyao na Konstantinopoli havikwisha mpaka miaka ya 550. Mwalimu alijibu kwamba 538 ni mwaka ambao mzingiro wao juu ya mji ulivunjika, na kwamba nguvu yao haikurudi kuwa ileile. Binafsi naona hapo mfasiri anaichagua tarehe kwa sababu anajua tayari hesabu lazima iishie wapi.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi, na kwa mahali tulipokuwa lilikuwa lazima liulizwe. Ukumbi uko Mengo, kati ya Namirembe ya Waanglikana na Rubaga ya Wakatoliki, na ilikuwa hapahapa Mengo, Januari 1892, ambapo Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana kwa bunduki, waongofu wa dini moja wakijulikana kwa majina ya mataifa mawili ya Ulaya, Ingleza na Fransa, naye Kapteni Lugard, Mwingereza, akiwasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim. Miaka michache tu kabla ya hapo, kati ya 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliwaua waongofu wa makanisa yote mawili bila kubagua. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa pamoja, na wengi wao waliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mama mmoja aliuliza kwa utulivu: ikiwa upapa ni mnyama anayewatesa watakatifu, Karoli Lwanga aliyechomwa moto akiwa Mkatoliki alikuwa upande gani? Mwalimu alijibu, kama kanisa lake linavyofundisha, kwamba unabii unahusu mfumo na wala hauhukumu mtu mmojammoja, na kwamba Mungu ana watu wake katika kila kanisa. Jibu hilo alilitoa kwa heshima, padre akiwa ameketi mstari wa mbele. Hata hivyo ningependa msimamizi angemwachia mama yule aendelee, kwa maana mfumo ambao watakatifu wake wanaweza kufa kwa ajili ya Kristo unahitaji maelezo marefu kuliko sentensi mbili.

Mchungaji mlokole alifundisha kwamba yote haya bado yako mbele: mnyama ni mtawala atakayekuja, atakayetawala katika miaka saba ya dhiki, na pembe kumi ni mataifa kumi ya Rumi itakayofufuka. Alikuwa na sauti ya kuvutia na ukumbi ulijaa kuliko jioni nyingine, lakini somo lake lilikuwa jepesi kuliko mengine yote. Hakutaja kwamba mtazamo wa mpinga Kristo wa wakati ujao ulipewa umbo la kitaalamu na Francisco Ribera, Mjesuiti Mhispania wa karne ya 16, wala kwamba mpangilio wenyewe aliouchora ubaoni unatokana zaidi na John Nelson Darby wa karne ya 19 na kuenezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Wala hakutaja kwamba Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipofikisha wanachama kumi mwaka 1981, baada ya Ugiriki kujiunga, wahubiri wengi walitangaza kwamba pembe zimetimia, na kwamba mwaka 1986 Hispania na Ureno ziliingia, wakawa kumi na wawili.

Kipindi kilipotea njia kabisa alipofika kwenye Ndaga Muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda, chipu na chanjo. Uganda hili si suala la kinadharia. Mashariki mwa nchi wamekuwapo waumini waliokataa kuwachanja watoto na kuandikishwa kwa hofu ya 666, na Sheria ya Chanjo ya 2017 ilipatikana katika mazingira ya ukataaji kama huo. Msimamizi alimwomba mchungaji asome Ufunuo 13:15 hadi 17 kwa sauti, na hapo ikaonekana kwamba alama inaandamana na kuisujudia sanamu ya mnyama. Haisemwi kwamba mtu anaweza kuipata bila kujua, akiwa kwenye foleni ya kitambulisho. Mchungaji alikubali kwamba Ndaga Muntu si alama yenyewe, akasema ni maandalizi. Kwa kuwa kitu chochote chenye namba kinaweza kuitwa maandalizi, na hakuna tukio linaloweza kuonyesha kwamba si hivyo, dai hilo halina namna ya kupimwa, na msimamizi alipaswa kulisema hilo badala ya kutangaza mapumziko ya chai.

Mhadhiri Mwanglikana aliyemalizia alichukua njia ya Tikonio, Mkristo wa Afrika Kaskazini wa karne ya 4, na ya Agostino aliyemfuata katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu: mnyama ni jamii ya wasiomcha Mungu katika kila kizazi, inayotaka kuabudiwa na kuwatesa wasiokubali. Aliifungua barua kwa kanisa la Pergamo, mahali ambapo Ufunuo 2:13 inasema ndipo penye kiti cha enzi cha Shetani, akaonyesha jinsi ibada ya Kaisari ilivyokuwa sehemu ya maisha ya miji ya Asia Ndogo, kisha akamtaja Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kwa wasikilizaji waliokimbia vita Kongo somo hili lilikuwa karibu nao kuliko tarehe zozote. Udhaifu wake ni kwamba miezi 42 na siku 1,260 zinabaki bila kazi maalumu isipokuwa kuonyesha kwamba mateso yana mwisho, na kwamba mnyama anayeweza kuwa kila mtawala mwovu hamkatazi mtu kumchagua yule asiyempenda.

Sasa kijitabu. Katika ukurasa wa majibu, maneno kwamba beberu ni Uyunani, ambayo Danieli 8 inayasema yenyewe, yamechapwa kwa herufi zilezile na katika safu ileile na maneno kwamba mnyama mwenye pembe mbili kama mwana-kondoo ni Marekani, ambayo ni tafsiri ya Wasabato, na kwamba mnyama mwekundu wa Ufunuo 17 ni Umoja wa Mataifa, ambayo ni tafsiri ya Mashahidi wa Yehova, ambao hata hawakualikwa kufundisha. Mwanafunzi aliyekosa kipindi cha kwanza ataisoma orodha hiyo na kudhani kwamba yote yameandikwa. Namba 616 haimo kabisa. Waorthodoksi, ambao wana makao yao Namungoona na ambao Ufunuo hausomwi katika liturjia yao, wamepewa nusu sentensi. Chati ni mbaya zaidi, kwa kuwa inauzwa kama chati ya kozi nzima ilhali inafuata mstari wa mwalimu mmoja tu kutoka Babeli hadi 1844, na mnyama wa nne amechorwa kama dinosaria mwenye miwani, nadhani kwa makosa ya mchapishaji.

Upungufu mmoja unahusu kozi yenyewe. Katika jioni zote hizo hakuna aliyelitaja jina la Kanungu, ambako tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliokuwa wakingoja mwisho wa dunia walikufa kanisani kwa moto. Viongozi wao hawakuwategemea wanyama wa Danieli kwa namna ya pekee, na huenda ndiyo sababu walimu waliona halihusiki. Nami naona kwamba kufundisha Ufunuo Uganda bila kueleza mwalimu wa unabii anawiwa nini na wasikilizaji wake ni kuacha somo moja nje ya ratiba.

Mambo ya huduma yalikuwa ya wastani: vipindi vilichelewa kuanza mvua iliponyesha, viti vilitosha isipokuwa jioni ya mchungaji, kipaza sauti kilikuwa kibovu, na chai pamoja na mandazi ilikuwa ndani ya ada. Kipindi cha mwisho, walimu wote wanne wakiwa meza moja, kilifupishwa ili vyeti vigawiwe, na hapo waandaaji walikosea mpangilio, kwa kuwa vyeti vingeweza kungoja. Swali pekee lililopata nafasi liliuliza ni jambo gani lingemfanya kila mmoja abadilishe tafsiri yake. Padre alisema ni nakala ya Danieli ambayo bila shaka imeandikwa kabla ya Antioko. Msabato alisema ni kuonyeshwa kwamba kanuni ya siku kuwa mwaka haikukusudiwa na nabii. Mhadhiri alisema ni mtawala mmoja anayetimiza kila mstari wa Ufunuo 13 bila kubaki hata mmoja. Mchungaji alisema hakuna. Waandaaji wanasema wataitoa tena kwa ada ileile. Anayeweza kuhudhuria kipindi cha kwanza alipe, aje na Biblia yake na daftari, na zile shilingi 15,000 za chati azitumie kwa nauli ya boda.